Komwe Katika Vifuu Viwili

Mjomba aliniambia nimwache mke wangu, nami nikakubali kabla kahawa haijapoa kikombeni. Ilikuwa Ijumaa, tumetoka msikitini, tumekaa kibarazani kwake karibu na Msambweni. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayeagiza kupaliliwa shamba.

"Mwandikie moja," alisema. "Moja tu, usizidishe. Aende kwao akae, afikiri. Una miezi mitatu ya edda. Ikikaribia kwisha, ukiona ametulia, mrejee. Wangapi wameachwa moja wakarudi na adabu zao?"

"Na akiniuliza kosa lake?"

"Kosa lake analijua. Mamako naye analijua. Aende na vifuu vyake huko kwao."

Nikasema, "Haya, Mjomba."

Mjomba ndiye aliyenisomesha mpaka sekondari baada ya baba kufariki, na ndiye aliyetoa mahari yangu. Kwetu sisi neno la mjomba halikuwa dogo. Lakini sitaki kumtwika yeye. Hakunitishia kwa lolote. Ningalikataa angalininunia mpaka Idi, tukapeana mikono, yakaisha. Mimi mwenyewe niliona ni njia rahisi. Nilikuwa nimechoka na maneno ya nyumbani, na talaka moja ya kurejewa nikaiona kama likizo ya kuondokana na maneno hayo.

Nilikuwa karani katika ofisi ya serikali huko Matuga. Nilipanga chumba karibu na kazi, na nyumbani nilikwenda mwisho wa mwezi, mshahara ukishatoka. Mke wangu alikaa kwa mama yangu. Yeye alikuwa mtu wa Mkwiro, kwenye ncha ya kisiwa cha Wasini, na aliposema Kiswahili chake cha kwao mama alikuwa akijifanya hasikii. Tulioana miaka michache kabla ya uhuru. Uhuru ulikuja, na mtoto hakuja.

Vile vifuu vilikuwa viwili, nusu za nazi zilizosuguliwa kwa mchanga mpaka zikang'aa. Vilikaa juu ya ukuta wa chumba chetu, pale makuti yanapoanzia. Ndani yake mlikuwa na komwe, zile mbegu za kijivu ambazo watu huchezea bao. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, mke wangu alichukua komwe moja kutoka kifuu cha kushoto akaitia cha kulia. Siku damu yake ilipoanza, alizirudisha zote kushoto na kuanza upya.

Mara ya kwanza kumwona nilicheka.

"Unacheza bao na nani?"

"Nahesabu mwezi wangu."

"Mwezi si huo uko juu? Na kalenda nimekutundikia ukutani."

"Wa juu ni wa watu wote, Bwana. Kalenda ni ya ofisi yako. Huu ni wangu."

Alifundishwa na somo wake. Msichana akivunja ungo hukabidhiwa mwanamke mtu mzima asiye mama yake, naye humfundisha usafi, josho, jinsi ya kufua na kuanika vitambaa vyake visionekane na wanaume, na heshima za nyumba. Somo wa mke wangu alimwongezea hili la komwe. Sababu yake ya kwanza ilikuwa ya dini. Mwanamke hafungi akiwa na hedhi, kwa hiyo ni lazima ajue siku ngapi za Ramadhani zilimpita, azilipe kabla ya Ramadhani nyingine kuingia. Tena ni lazima ajue damu yake ya kawaida inachukua siku ngapi, ili ikizidi au ikija pasipo wakati wake ajue kwamba hiyo si hedhi, ni maradhi, na asiache sala kwa ajili yake. Basi somo alimwambia kwamba mwanamke asiyejua ada ya damu yake ni kama mtu aliyelala chombo kikienda.

Lakini komwe zilimfundisha na mambo mengine. Alinieleza mara moja tu, jioni, akisuka ukili, macho yake kwenye vidole.

"Mwezi wangu ni mfupi kuliko wa kalenda," alisema. "Damu ikikatika, nakaa kavu siku chache. Halafu unakuja ute, mwanzo mzito kama uji, kisha unavutika, mweupe wa kuonea ng'ambo, kama yai bichi ukilivunja. Ukiwa hivyo, ndizo siku za mtoto. Zikipita, nakuwa kavu tena mpaka damu irudi. Wewe unakuja mwisho wa mwezi. Nimeangalia tangu Mfungo Mosi. Mara unanikuta na damu, mara unanikuta zimepita. Unakuja siku za serikali."

"Maneno gani hayo," nilisema.

"Ni mwili, si matusi."

"Ngoja nizime taa."

"Taa haijawashwa, Bwana."

Ndivyo nilivyomjibu, na ndivyo alivyonijibu, akaendelea kusuka. Shuleni nilifundishwa sehemu za ua. Nilichora chavua na ovari kwa penseli, nikaandika majina yake pembeni, mwalimu akanisifu. Mwili wa binadamu tuliurukia, mwalimu akasema tutausoma wenyewe. Sikuusoma. Nilikuwa mwanamume mwenye mke na sikujua kwamba damu na mtoto vina mpangilio mmoja, kwamba kimoja hukitangulia kingine kwa majuma kadhaa, na kwamba kila mwanamke ana urefu wake, tena hata huo hubadilika akiugua au akipata msiba. Mke wangu aliyajua hayo kwa kuhamisha mbegu. Hakusema ni dawa. Hakuniahidi mtoto. Alisema tu, "Tujaribu siku zenyewe. Tukikosa, tutajua tumekosa nini."

Tukapatana hivi, au niseme alipatana yeye nami nikanyamaza. Ute ukianza kuvutika, angempa dereva wa basi komwe moja iliyofungwa kwenye kitambaa. Dereva huyo alikuwa jirani yetu, mtu mzima, hakuuliza mambo ya watu. Mimi nikiipokea Matuga, nijue, niombe ruhusa siku mbili niende nyumbani.

Komwe ya kwanza ilifika asubuhi, ofisi imejaa. Dereva alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Karani, amana yako kutoka nyumbani."

Nikaifungua mbele za watu, mjinga mimi, nikifikiri ni tumbaku ya mjomba. Wenzangu wakaona mbegu.

"Mke wake anamwita wakamalizie bao," alisema mmoja wao.

"Labda amemla kete zote, imebaki hiyo moja."

"Mwache, huyo ameolewa yeye. Komwe ikija anakwenda mbio."

Nilicheka pamoja nao. Komwe nikaitia kwenye mtoto wa meza, na ruhusa sikuomba. Ningalimwambia nini mkubwa wangu? Kwamba mke wangu yuko katika siku za mtoto? Mwisho wa mwezi nilipokwenda nyumbani nilimkuta amenitengenezea samaki wa kupaka. Hakuuliza. Alitazama juu kwenye vifuu, akasema, "Zimeshapita," kisha akanipakulia.

Zilikuja nyingine. Moja ilikuja wiki ileile tulipokuwa tunajitayarisha kwa sherehe za uhuru. Nilikuwa nimepewa kazi ya viti. Ilikuwa lazima viti vitoke shuleni, vitoke misheni, vitoke majumbani kwa watu, vipangwe kwa safu, vya wakubwa mbele na vya wazee nyuma yao. Niliipenda kazi ile. Nilishona suti. Dereva alinipa kitambaa uwanjani, nami nikakitia mfukoni mwa suti mpya bila kukifungua, nikaendelea kuwapigia kelele waliobeba viti. Wengine wetu walikwenda nyumbani siku hizo wakasherehekee na wake zao. Mimi nililala Matuga nikilinda viti.

Baadaye nilimwambia mke wangu habari za sherehe, bendera, ngoma, hotuba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na viti vilitosha?" aliuliza.

"Vilitosha."

"Alhamdulillahi," alisema. Hapo nilijua kwamba nimemuudhi, kwa sababu alikuwa mtu wa kutania, na siku ile hakutania.

Sikumwambia mama lolote la komwe. Hilo nalo ni langu. Mama alijua hesabu ya mwezi wa mbinguni kama wanawake wote wa rika lake, lakini komwe kwake zilikuwa vitu vya waganga wanaopiga bao kutafuta aliyekuroga. Alipopanda juu ya kinu kutafuta mahali makuti yanapovuja na kuviona vile vifuu, alivishusha akaviweka uani juani, mbali na chakula.

"Ndiyo maana," alisema. "Ndiyo maana hushiki. Umejifunga mwenyewe."

"Si hivyo, mama. Nahesabu hedhi yangu. Muulize mwanao."

Wakanitazama wote wawili. Ilikuwa Jumapili mchana, nimekuja na mshahara, nimekaa juu ya kitanda cha kamba na gazeti. Nilikuwa na neno moja la kusema. Ningalisema tu, ni kweli mama, tunahesabu pamoja, mimi ndiye nisiyekuja. Lakini kutamka hedhi mbele ya mama yangu kulinishinda. Nikasema, "Mambo ya wanawake, malizeni wenyewe," nikafunua gazeti ukurasa wa pili.

Mke wangu aliokota komwe zake moja moja uani. Moja iliviringika chini ya mtungi, na alipiga magoti kuitafuta.

Ndipo mama akaenda kwa mjomba, na mjomba akaniita kibarazani, na mengine nimekwisha kuyasema.

Talaka niliiandika jioni ileile, kwa hati nzuri, maana hati yangu ilikuwa nzuri. Nilimpa mkononi, chumbani kwetu. Alijua kusoma. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja.

"Leo ni siku gani, Bwana?"

"Ijumaa."

"Siulizi Ijumaa."

Alishusha vifuu, akatazama kimoja, akatazama cha pili, akavifunga pamoja katika leso.

"Mjomba wako amekwambia utanirejea?"

"Ukitulia."

"Basi usichelewe. Hesabu yangu si ndefu."

Hayo ndiyo maneno yake, na nayakumbuka kwa sababu niliyachukulia kama mwanamke anayembembeleza mume asimsahau. Nilimwambia asijali, miezi mitatu si mingi. Alinitazama kama anayetaka kusema jingine, kisha akachukua kanzu zake, akalala chumba cha mama. Kesho yake alipanda basi la kwenda Shimoni, avuke kwao.

Matuga nilizungusha duara katika kalenda ya ofisi, kwa wino mwekundu, kwenye tarehe ya kutimia miezi mitatu. Nilipanga kwenda siku chache kabla yake, mshahara ukishatoka, nikiwa na doti mbili za leso na kitu cha kuwapa wazee wa kwao. Nilikuwa nimekwisha amua kumrejea. Nataka hili lifahamike. Siku ya kwanza kurudi nyumbani, chumba hakina mtu na juu ya ukuta pana alama mbili za mviringo mahali vifuu vilipokuwa vimezuia vumbi, nilijua nitamrejea. Hata mama alilainika. Alisema kachumbari ya mke wangu hakuna aiwezaye. Lakini niliona aibu kwenda mapema. Mjomba alisema ikikaribia kwisha. Nikienda kabla, ataona nimeshindwa na mwanamke.

Mwezi wa pili ulipokuwa katikati, dereva wa basi alisimama mlangoni mwa ofisi na kitambaa.

"Amana yako. Imetoka Shimoni safari hii. Nimepewa na mvuvi wa Mkwiro."

Nilikifungua peke yangu. Komwe moja.

Siwezi kusema sikujua maana yake. Komwe ilikuwa na maana moja tu tangu mwanzo, nayo ni njoo. Niliishika kiganjani mchana kutwa. Nilikwenda mpaka mlangoni kwa mkubwa wangu kuomba ruhusa, nikasimama, nikasikia anazungumza na mgeni, nikarudi. Nikajiambia bado muda upo. Nikatazama duara jekundu. Lilikuwa mbali bado. Nikaitia komwe mtoto wa meza pamoja na nyingine, nikarudi kwenye kazi zangu.

Nilivuka Mkwiro mwisho wa mwezi wa tatu, siku nne kabla ya duara langu. Baba yake alinipokea vizuri. Watu wa kule wana adabu nzito. Nililetewa maji ya kunawa, nikaletewa wali na pweza, na wakati wote huo hakunigusia lolote. Nilikula kama mume. Nilipomaliza ndipo aliponiuliza.

"Umekuja kwa heri, baba?"

"Kwa heri. Nimekuja kumrejea mke wangu."

Mzee aliweka kitambaa cha kufutia mikono juu ya sinia, akakikunja, akakikunjua.

"Edda yake imekwisha, mwanangu. Tangu mwezi uliopita."

"Haiwezekani, mzee. Nina tarehe." Nikazitoa kweli, nilikuwa nimeziandika kwenye kipande cha karatasi.

"Twende kwa mwalimu," alisema, "nisije nikawa nimekudhulumu."

Mwalimu wa msikiti alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi, alikuwa akishona kofia. Alinisikiliza bila kuacha sindano.

"Siku ulipomwandikia, alikuwa twahara au alikuwa na hedhi?"

"Sijui."

"Alikuwa amebakiza siku ngapi kupata hedhi?"

"Sijui, mwalimu."

"Hedhi yake hukaa siku ngapi?"

Nilitazama kipande changu cha karatasi. Alisimamisha sindano kwa mara ya kwanza.

"Ulikaa naye miaka mingapi?"

Baba yake mke wangu alitazama nje. Sidhani kama nimewahi kuona mtu akinihurumia vile.

"Nani amekwambia miezi mitatu?" aliuliza mwalimu.

"Mjomba wangu. Aliwahi kumwacha mke wake wa kwanza."

"Alikuwa na umri gani huyo mke?"

Nikafikiri. "Mtu mzima. Ana wajukuu."

"Basi alisema kweli kwa wake. Miezi mitatu ni ya mwanamke aliyekoma damu, au ambaye haijamjia bado. Mwenye damu hahesabiwi kwa kalenda. Anahesabiwa kwa twahara tatu. Umemwacha akiwa safi, ule usafi uliobaki, hata ungekuwa wa siku moja, umekuwa wa kwanza. Akapata damu, akasafika, wa pili. Akapata damu, akasafika, wa tatu. Damu ya tatu inapoingia, hana edda tena. Na wake ni mfupi, na ulimwacha mwishoni mwa usafi wake. Hazikufika hata siku sitini."

"Na mimi nitajuaje kama ndivyo ilivyokuwa?"

"Hutajua. Neno lake ndilo linalokubaliwa, kwa sababu mwili ni wake. Lakini mkeo aliniletea vifuu vyake hapa, mbele ya mama yake, akanionyesha. Nimefundisha miaka mingi, sijaona mwanamke mwenye yakini kama ile." Akarudi kwenye kofia yake. "Aliniuliza kama inafaa akutumie habari. Nikamwambia inafaa, ungali na haki ya kumrejea. Akasema ameshatuma. Hukupata?"

"Nilipata," nilisema.

Mwalimu alikohoa. Kisha akaniambia kwamba mlango haujafungwa kabisa. Ilikuwa talaka moja, kwa hiyo naweza kumposa upya, kwa mahari mapya na ndoa mpya, akikubali yeye. Tukarudi nyumbani, na baba yake akaingia ndani kumuuliza. Nilisikia sauti ya mke wangu ukutani lakini sikusikia maneno. Halafu akaja mwenyewe, akasimama nyuma ya pazia la mlango. Niliona miguu yake.

"Salamu za mama umeniletea?" alisema.

"Anakusalimu. Anasema chakula hakina ladha."

"Mwambie atie ndimu mwisho, asitie mwanzo."

"Nimekuja kukuposa."

Miguu ile ilirudi nyuma hatua moja.

"Nimekwisha posewa, na nimekubali," alisema. "Mtu mmoja aliyefiwa na mkewe, yuko hapahapa, anatengeneza ngalawa. Nilikungoja mpaka asubuhi ile damu ilipoingia. Nilikuwa nimekaa na vifuu mapajani, naomba ichelewe. Tangu nivunje ungo sikuwahi kuomba ichelewe isipokuwa kwa ajili ya mtoto. Siku ile niliomba ichelewe kwa ajili yako, upate kuja. Ikaja siku yake."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini sitaki tena kuwa mtu wa mwisho wa mwezi."

Nilivuka kurudi Shimoni nikiwa na doti zangu mbili za leso. Nilimpa mama.

Aliolewa mwezi uliofuata. Ilipokaribia mwaka wa pili nilisikia amejifungua msichana, halafu mvulana. Sikushangaa, wala siwezi kuapa kwamba kwangu angalizaa. Mtoto ni wa Mwenyezi Mungu, na komwe hazimlazimishi mtu. Lakini fundi wa ngalawa alikuwa nyumbani kila siku, na mimi sikujaribu hata mara moja. Hilo nalijua.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, miaka mingi imepita, mimi karani wa hospitali huko Msambweni. Alikuja na binti yake mkubwa aliyekuwa anatokwa na damu isiyokatika. Muuguzi alimuuliza yule binti hedhi yake huja baada ya siku ngapi, hukaa siku ngapi, na lini ilianza kubadilika. Binti alijibu yote bila kusita. Muuguzi akaandika, akasema laiti wote wangekuja hivi, kazi yetu ingekuwa nusu, maana mtu akijua mpangilio wake maradhi hayajifichi. Walimtibu akapona. Mama yake aliponiona nyuma ya dirisha la kadi alinisalimu, akaniuliza hali ya mama, nikamwambia amefariki. Akaniombea. Alikuwa amenenepa. Alikuwa na kitambaa kimefungwa fundo kwenye ncha ya leso, na sijui kilikuwa na nini.

Mjomba alinitafutia mke mwingine, mjane mwenye tabia njema. Nilimwambia usiku wa kwanza kwamba anieleze siku zake, zote, nami nitakuja. Alicheka akasema zimekwisha kukoma mwaka jana. Tulikaa vizuri mpaka alipofariki. Watoto wake wa ndoa ya kwanza walikuja kumzika, wakarudi kwao Kikoneni.

Zile komwe zilizokuwa mtoto wa meza nilihama nazo kila nilipohamishwa kazi. Sasa ziko kwenye bati la majani ya chai. Sizihesabu. Watoto wa jirani waliwahi kuniomba wachezee bao nikawanyima, kisha nikaona haya nikawapa chache.

Nilikubali kumwacha mke kwa miezi mitatu ili nyumba itulie. Nyumba ilitulia. Nilimpoteza mwanamke aliyetaka nimjue, sikupata mtoto, na ninazeeka katika chumba kilekile bila mtu wa kuniuliza leo ni siku gani.